Bangkok si Busia: likizo ya mfanyabiashara nayo ina nyaraka zake

Hakuna msafiri mzoefu Afrika Mashariki kama mfanyabiashara wa mpakani. Anaijua foleni ya Busia kabla jua halijachomoza, anajua siku ambazo Namanga hufurika malori, anajua wapi pa kula Mutukula na wapi pa kulala Rusumo. Amezoea kuulizwa maswali na maofisa wa nchi mbili kwa siku moja. Kwa hiyo anapoamua, baada ya miaka mingi ya kusafiri kwa ajili ya mzigo, kwamba sasa anasafiri kwa ajili ya kupumzika, huona maandalizi ni jambo dogo. Hununua tiketi, hufunga begi, huondoka.

Thailand ni moja ya nchi zinazotajwa kwanza katika mazungumzo hayo, na sababu inajulikana. Majina ya Pratunam, Bo Bae na Sampeng, masoko ya Bangkok ya nguo na bidhaa ndogo ndogo, yanafahamika Kariakoo, Eastleigh na Kampala. Wauza vito wanaijua Chanthaburi, mji wa mashariki mwa Thailand ambako mawe kutoka Afrika Mashariki hukatwa na kuuzwa. Aliyekwenda kununua alirudi akisimulia bahari ya Phuket na Krabi ambayo hakupata muda wa kuiona, au milima ya Chiang Mai aliyoiona kwenye picha tu. Mwaka 2024 nchi hiyo ilipokea wageni zaidi ya milioni 35. Hakuna sababu ya mama wa mitumba au muuza mchele wa mpakani kutokuwa mmoja wao. Mtu anayefungua kibanda siku saba za wiki anastahili siku kumi za kuketi ufukweni, na asiyepumzika hatimaye hupumzishwa na maradhi.

Lakini uzoefu wa mpakani una upande wake wa pili. Mazoea yaleyale yanayomwezesha mfanyabiashara kuvuka Busia kwa wepesi ndiyo yanayoweza kumponza Bangkok. Mazoea hayo ni matatu: kukamilisha karatasi njiani, kubeba mzigo wa mwenzake, na kuchanganya biashara na kila jambo lingine maishani. Anayetaka likizo iishe salama hana budi kuyaacha yote matatu nyumbani.

Karatasi hazikamilishwi njiani

Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Hayo ni matunda mema ya ujirani, lakini yamezaa imani kwamba safari ni kujitokeza tu mpakani na mengine yatajulikana hapo hapo. Thailand haipokei hivyo. Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda anahitaji viza kabla ya kupanda ndege, na tangu Januari 2025 maombi hufanywa mtandaoni kwa balozi zote za nchi hiyo, ukiwemo ubalozi wake ulioko Nairobi. Pasipoti inayokaribia kuisha ni tatizo. Kanuni ya kawaida ya wasafiri ni kuwa na angalau miezi sita mbele.

Ugumu wa mfanyabiashara katika maombi hayo ni taarifa ya benki. Wengi wao wana uwezo kuliko wafanyakazi wa ofisini, lakini utajiri wao uko dukani, kwenye magunia, kwenye vikoba na kwenye simu. Akaunti ya benki ina shilingi za kuhesabika. Ofisa wa viza hawezi kuhesabu magunia. Dawa si kuazima fedha za ndugu na kuziingiza kwenye akaunti wiki moja kabla ya maombi, kwa kuwa ujanja huo unaonekana mara moja. Dawa ni kuanza mapema, miezi minne au sita kabla, kupitisha mauzo halisi benki ili taarifa ieleze ukweli wa biashara. Leseni ya biashara na nyaraka za kodi nazo husaidia kuonyesha kwamba msafiri ana jambo la kumrudisha nyumbani.

Kisha kuna kadi ya homa ya manjano, na hapa ndipo mazoea yanapokuwa hatari zaidi. Thailand huitaka kadi hiyo kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na nchi za Afrika Mashariki zimo katika orodha yake. Si siri kwamba pembezoni mwa baadhi ya vituo vya mabasi kadi hiyo huuzwa kama pipi, ikiwa na muhuri lakini bila sindano. Wapo wafanyabiashara waliovuka nayo mara hamsini. Mara hamsini hizo hazikuwakinga na ugonjwa, na hazitawatetea mbele ya ofisa wa afya wa uwanja wa ndege aliye kilomita elfu kadhaa kutoka kwa aliyewauzia. Sindano halisi huchomwa mara moja, cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, kinatambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Kununua kadi bandia kila inapopotea ni ghali kuliko kuchanjwa mara moja.

Karatasi ya mwisho ni mpya. Tangu tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni anayeingia Thailand hujaza fomu ya kidijitali ya kuwasili, mtandaoni, ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Fomu hiyo ni ya bure. Tovuti inayodai dola ishirini au hamsini kwa kuijaza si ya serikali. Ni wakala aliyejiteua, wa aina ileile inayomvizia mgeni kila mpakani.

Na muda ukiisha, umeisha. Faini ya kuzidisha siku ni baht 500 kwa kila siku, hadi kufikia baht 20,000. Anayejisalimisha mwenyewe uwanjani hulipa na kuondoka, ingawa akiwa amezidisha zaidi ya siku 90 hufungiwa kurudi. Anayekamatwa mtaani huwekwa kizuizini, hufukuzwa na kupigwa marufuku kuingia kwa miaka mitano, hata kama alizidisha wiki chache. Hakuna kuzungumza pembeni.

Mzigo wa mwenzio

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: wa mwingine huonekana mwepesi. Mpakani methali hii inaishi kila siku kwa maana nyingine kabisa. Dereva hupewa bahasha, mama wa ndizi hupewa mfuko wa shangazi wa fulani, abiria hupewa sanduku la kumfikishia mtu stendi. Ni ukarimu, na biashara nyingi ndogo zisingesimama bila hiyo. Mtu anayekataa kubeba mzigo wa jirani huitwa mwenye roho mbaya.

Kwenye ndege ya Bangkok, kwenda au kurudi, aitwe hivyo na akatae. Sheria za Thailand juu ya dawa za kulevya ni kali: kuingiza au kusafirisha dawa za daraja la kwanza, kama heroini na methamfetamini, kunaweza kumpeleka mtu kifungo cha maisha, na sheria inaruhusu hata adhabu ya kifo. Mahakama haimwulizi aliyekutwa na sanduku kama sanduku lilikuwa la shemeji. Aliyefunga begi ni yeye, aliyelipima ni yeye, jina lililo kwenye karatasi ya mzigo ni lake. Chakula, viatu, dawa za asili, sabuni, zawadi iliyofungwa vizuri, vyote vimewahi kutumika duniani kuficha dawa hizo. Kanuni ya likizo ni moja: hakuna kitu kinachoingia begini ambacho msafiri hakukinunua na kukikunja kwa mkono wake.

Watu wa mpakani wanaelewa vizuri kuliko wengine kwamba uhalali hubadilika mtu anapovuka mstari. Miraa inauzwa sokoni Kenya. Upande wa Tanzania, mirungi ileile ni dawa ya kulevya na mwenye nayo anakwenda mahakamani. Thailand ina mistari yake. Sigara za kielektroniki, zinazouzwa wazi katika miji mingi ya Afrika Mashariki, huko ni marufuku. Bangi iliondolewa katika orodha ya dawa za kulevya mwaka 2022, na mwaka 2025 serikali ikarudisha masharti ya kuwa na cheti cha daktari. Anayesafiri kwa habari za zamani atajikuta matatani, na anayejaribu kurudi nayo nyumbani atakuwa amevunja sheria za huku. Dawa kali za maumivu zenye kodeini, na za usingizi, zisafiri katika pakiti zake pamoja na maandishi ya daktari.

Safari ya bure ni ghali

Kuna aina ya likizo ambayo mfanyabiashara, au mtoto wake aliyemaliza chuo, hataombwa kulipia. Mtu aliyekutana naye mtandaoni atamtumia tiketi, atamwahidi hoteli Bangkok na, baada ya mapumziko kidogo, kazi nyepesi ya kompyuta au ya kuhudumia wateja. Akifika atapokewa na gari. Gari hilo haliendi hotelini. Linakwenda Mae Sot, mji wa mpakani, kisha ng'ambo ya mto hadi Myawaddy nchini Myanmar, kwenye majengo yenye walinzi ambako vijana hulazimishwa kutapeli watu mtandaoni usiku na mchana.

Hili si jambo la kutishia watoto. Serikali ya Kenya imekuwa ikiwarudisha raia wake kutoka huko tangu mwaka 2022. Mwanzoni mwa 2025 maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali, wakiwemo Wakenya, Waganda na Waethiopia, walitolewa katika majengo hayo, na wengi wakakwama wiki kadhaa mpakani wakisubiri namna ya kurudi makwao. Mfanyabiashara anajua bei ya kila kitu. Anayepewa bure tiketi ya kwenda Asia ajiulize swali ambalo angejiuliza mtu akimpa bure lori la vitunguu: mwenye mali anapata faida yake wapi?

Baadhi ya balozi za Afrika Mashariki hazina ofisi Bangkok. Kenya inayo, raia wa nchi nyingine hulazimika kutafuta msaada kutoka mji mkuu wa nchi nyingine ya Asia. Hapa ndipo utangamano wa Jumuiya ungepimwa kwa jambo linalogusa watu. Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwa ikitumika tangu Julai 2010, na mtu wa Kigoma na wa Bujumbura wanaambiwa kila mwaka kwamba ni wamoja. Umoja huo ungeonekana zaidi kama mlango wa ubalozi wa nchi moja mwanachama ungemfungukia raia wa Jumuiya yeyote aliyepoteza pasipoti au aliyekimbia watekaji, bila kumwuliza kwanza rangi ya bendera yake.

Fedha, simu na soketi

Simu iliyolipa kila kitu kutoka Mombasa hadi Mwanza haina nguvu ileile Pratunam. Wenyeji wa Thailand nao hulipa kwa simu, kwa kusoma msimbo wa duka, lakini mfumo wao wa PromptPay umefungwa kwenye akaunti za benki. Mgeni anahitaji kadi ya benki iliyofunguliwa matumizi ya nje kabla ya safari, na fedha taslimu. Dola ndizo za kubeba. Noti mpya za mia hubadilishwa kwa bei nzuri kuliko noti ndogo, na noti chakavu hupata tabu kama zinavyopata kwenye maduka ya fedha ya Nairobi na Dar es Salaam. Anayebeba dola 10,000 au zaidi akitoka Kenya au Tanzania anatakiwa kuzitangaza, na vyema akumbuke kwamba likizo ya mtu mmoja haihitaji kiasi hicho.

Soketi za huko hupokea pini mbili, bapa au za mviringo. Chaja yenye pini tatu za mraba haitaingia, kwa hiyo adapta inunuliwe kabla. Bima ya safari inayolipa hospitali si kitu cha kupunguza bajeti, hasa kwa anayefikiria kukodi pikipiki. Mkenya, Mtanzania na Mganda watafurahi kukuta magari yanapita kushoto kama kwao. Mnyarwanda, Mrundi na Mkongo wajihadhari. Lakini kuzoea bodaboda si leseni. Bima nyingi hazimlipi aliyeanguka akiendesha bila kibali kinachotambulika, na pasipoti haiachwi dukani kama dhamana ya pikipiki, hata mwenye duka akisisitiza. Bangkok ina bodaboda zake, madereva wake huvaa fulana za rangi ya chungwa, na kupanda nyuma ni nafuu kuliko kuvunjika mguu.

Kuna pia mbu. Msafiri wa Afrika Mashariki huwadharau kwa kuwa amekua nao. Maeneo makuu ya watalii Thailand hayasumbuliwi sana na malaria, ambayo hupatikana zaidi misitu ya mipakani. Kinachosumbua ni homa ya dengi, na mbu wake huuma mchana. Chandarua cha usiku hakitoshi; dawa ya kujipaka ndiyo kinga. Maji ya kunywa ni ya chupa.

Msimu wa kwenda

Mfanyabiashara hapangi likizo kwa kuangalia anga tu; huangalia kalenda ya soko. Bahati nzuri kalenda hizo mbili zinakaribiana. Thailand huwa na hali ya hewa nzuri zaidi kati ya Novemba na Februari: mvua kidogo, joto la wastani. Desemba haifai kwa mwenye duka, kwani ndiyo mwezi wa mauzo. Januari ni ya ada za shule. Februari, soko likiwa limepoa, ndiyo nafasi, ingawa katika mtaa wa Wachina wa Yaowarat na soko la Sampeng maduka mengi hufungwa Mwaka Mpya wa Kichina ukiangukia humo.

Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hutawala upande wa Phuket na Krabi, na bahari huwa kali. Bendera nyekundu ikipandishwa ufukweni maana yake hakuna kuogelea, hata kwa aliyezaliwa Tanga. Kisiwa cha Samui, kilicho upande wa pili wa nchi, hupata mvua yake kubwa Oktoba hadi Desemba. Aprili ni joto kali, na tarehe 13 hadi 15 ni Songkran, sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai, watu wanapomwagiana maji barabarani. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2023. Anayekwenda kucheza atafurahi. Anayekwenda kununua atakuta milango imefungwa.

Adabu ya mwenyeji

Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Mtu wa pwani hatapata shida kubwa, kwani mengi ya Thailand anayajua: viatu huvuliwa mlangoni, mkubwa huheshimiwa kwanza, sauti haipandishwi hovyo. Salamu yao, wai, ni viganja viwili vilivyokutanishwa kifuani na kichwa kuinamishwa kidogo. Kichwa cha mtu hakiguswi, hata cha mtoto, na nyayo hazielekezwi kwa mtu wala kwa sanamu ya Buddha. Hekaluni mabega na magoti hufunikwa. Kanga au kikoi begini kitamaliza kazi. Mwanamke hamgusi mtawa. Wimbo wa taifa hupigwa saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni hadharani, na watu husimama. Juu ya familia ya kifalme hakuna mzaha: kuitukana ni kosa la kifungo cha miaka 3 hadi 15, na maneno ya mtandaoni nayo huhesabiwa.

Muislamu asihofu chakula. Kusini mwa nchi kuna jamii kubwa ya Waislamu, alama ya halali huonekana kwenye vyakula vingi, na mitaa ya Nana jijini Bangkok ina migahawa ya Waarabu na Waafrika. Na kuna jambo ambalo Mswahili peke yake atalielewa upesi: kwa hesabu ya kienyeji ya saa, Wathai huita saa moja ya usiku saa moja, na ya nane usiku kwa saa ya Kizungu wao, kama Waswahili, huita saa mbili. Saa yenyewe lakini iko saa nne mbele ya Afrika Mashariki. Mwaka wao nao uko mbele kwa 543. Tarehe ya mwisho ya matumizi iliyoandikwa 2570 ni 2027, wala si kosa la kiwanda.

Ujanja wa mjini upo kama kila mahali. Mtu aliyevaa vizuri karibu na Kasri Kuu humwambia mgeni kwamba leo limefungwa, kisha humpeleka kwa bajaji hadi duka la vito la rafiki yake. Aliyetoka nchi ya Mererani, mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanaiti, hapaswi kurudi na kioo cha buluu alichouziwa Bangkok.

Likizo au mzigo?

Linabaki zoea la tatu, gumu kuliko yote. Mfanyabiashara akiona blauzi nzuri kwa bei ya chini hawezi kuipita. Siku ya kwanza hununua mbili za watoto, siku ya pili kumi za majirani, siku ya tatu yuko Bo Bae akifunga furushi, na bahari ya Krabi inabaki kwenye picha tena. Akirudi, amechoka kuliko alivyoondoka, na hesabu haijakaa sawa kwa sababu hakuipanga.

Hesabu yenyewe iwe wazi. Nguo kutoka Bangkok si bidhaa ya Afrika Mashariki. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, unaomruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zisizozidi dola 2,000 kwa cheti rahisi cha uasili, ni wa mahindi ya Mbale, maparachichi ya Njombe na vikapu vya Rwanda. Hauhusu shati la Pratunam, hata likiwa limelala wiki mbili Kampala. Shati hilo lina ushuru wa pamoja wa forodha, na tangu Julai 2022 Jumuiya ina daraja la asilimia 35 ambalo nguo zimo ndani yake. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani. Anayeliingiza kama nguo za kuvaa mwenyewe, vipande sitini vya saizi moja, anamdanganya nani? Akikamatwa, faini itakula tiketi, hoteli na faida pamoja.

Yapo manunuzi halali ya likizo, na Thailand huyasaidia. Mtalii anayenunua katika maduka yenye tangazo la kurudishiwa kodi, kwa baht 2,000 au zaidi katika duka moja kwa siku moja, anaweza kudai sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 7 anapoondoka, akiwa na fomu ya duka na bidhaa zenyewe za kuonyesha forodhani kabla ya kukabidhi begi. Vibanda vingi vya jumla havina tangazo hilo. Sanamu za Buddha huhitaji kibali kutoka nchini humo, na pembe za ndovu haziguswi kabisa. Mifuko ya plastiki ya sokoni iachwe uwanja wa ndege, kwani Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya 2017 na Tanzania 2019.

Njia ya busara ni kutenganisha safari mbili. Aliye na mtaji wa kununua Bangkok apange safari ya biashara, yenye wakala wa forodha, orodha ya bidhaa na hesabu ya ushuru iliyofanywa kabla. Aliye na akiba ya likizo aitumie kwa likizo. Kama lazima aone soko, aende Chatuchak Jumamosi moja, atazame, anywe maji ya nazi, achukue kadi za simu za wauzaji, arudi hotelini mikono mitupu. Kadi hizo zitamfaa mwakani. Duka alilomwachia mdogo wake litakuwa bado lipo, na Jumatatu atakaporudi mpakani, ofisa atamwuliza amebeba nini, naye kwa mara ya kwanza katika miaka mingi atajibu bila kuhesabu: nguo za kuvaa tu.